Vituo vya theluji Ulaya: bei inajua kupanda tu, theluji ikiyeyuka haijui kushuka!

Wanajamvi mlioko Ulaya, hasa wenye watoto wa shule, njooni tuongee maana nimechoka kuibiwa kistaarabu.

Ukiwa na mtoto anayesoma Ufaransa unajua kinachotokea likizo ya Februari ikikaribia: darasa zima mlimani, mlimani, kuteleza kwenye theluji (ski). Wangu wamenisumbua mpaka nikakata tiketi za kituo kimoja (jina naliacha, sitaki kesi). Nikakata mapema, kwa sababu ukichelewa bei inapaa kama ya ndege. Ila hela hairudi.

Tumefika, mlima ni kijani kibichi! Katikati wameweka utepe mmoja mweupe wa theluji ya mashine. Asubuhi barafu tupu, mchana uji. Watoto wanaojifunza na vijana wanaoshuka kwa fujo wamebanana humo humo, lifti nyingi za kupandisha watu mlimani zimefungwa. Nikaenda dirishani kudai changu. Dada wa watu, kwa upole kabisa: "Kituo kiko wazi, bwana, kwa hiyo hakuna kurudishiwa." Yaani lifti moja ikizunguka, kituo kiko wazi!

Na msiniambie hali ya hewa ni kazi ya Mungu. Wanajua vizuri. Utafiti wa 2023 ulipima vituo 2,234 vya Ulaya: joto la dunia likipanda nyuzi 2, asilimia 53 vitakuwa kwenye hatari kubwa sana ya kukosa theluji kama havina mashine. Likipanda 4, ni asilimia 98. Na hizo mashine nazo zinataka baridi. Bila baridi zinamwaga maji tu.

Kwa hiyo ushindani sasa ni nani yuko juu zaidi mlimani, kwenye baridi. Val Thorens, kituo cha Ufaransa, wako mita 2,300, wateja wanakimbilia huko, bei nayo inakimbia. Hawa wa chini badala ya kukubali wanakopa, wanaongeza mashine, wanachimba mabwawa ya maji ya hizo mashine. Februari 2020 Luchon-Superbagnères, kituo kingine cha Ufaransa, walisomba theluji kwa helikopta, tani 50 hivi, kutoka juu ya mlima kuileta chini, kwa hela ya umma! Bora hata wale wa Dubai, theluji yao iko ndani ya jengo tangu 2005, ukilipa unaikuta.

Kituo cha Métabief, kule milima ya Jura, Ufaransa, angalau wana adabu. Wamesema wazi biashara hii kwao ina mwisho, wanajipanga na baiskeli na matembezi. Ningepeleka hela yangu huko bila kinyongo.

Hawa wengine, kama mtambo wenu wa kupanga bei unaweza kupandisha bei kwa sababu wateja ni wengi, unashindwaje kuishusha miteremko ikifungwa?

Kuna mdau amewahi kurudishiwa hela, kupitia bima ya kadi ya benki au njia yoyote? Aweke utaratibu hapa. Wa "si ungebaki nyumbani" pita kushoto.