Vikosi vya siri vinavyotangulia makomandoo, vinafanyaje kazi na nani anavisimamia?

Mdadisi_Huru:
Wakuu salaam. Kila tukisoma habari za makomandoo wa Marekani kama Delta Force au SEAL tunaambiwa waliingia usiku, wakamaliza kazi, wakatoka. Sasa mimi najiuliza, nani aliwaambia nyumba ni ipi, walinzi wako wangapi na mlengwa analala chumba gani? Nikifuatilia nakutana na jina la kikosi cha ujasusi cha jeshi la Marekani, Intelligence Support Activity, pengine wanaiita ISA, pengine Gray Fox, pengine Task Force Orange, sielewi kama ni kikosi kimoja au vitatu. Halafu CIA si ipo, jeshi lilitaka chake cha nini tena? Anayeifahamu hii kitu anifafanulie taratibu, nataka kuelewa sio kubishana.

Kamusi ya Vita:
Mkuu ni kikosi kimoja hicho hicho, kinabadilishwa jina kila baada ya muda ili anayekitafuta kwenye makaratasi apotee njia. Centra Spike ni hao hao, Torn Victor ni hao hao, Gray Fox pia.

Ukitaka kujua kwa nini kipo anzia Iran. Novemba 1979 ubalozi wa Marekani Tehran ukavamiwa watu wakashikwa mateka, Aprili 24, 1980 Delta ya Kanali Charles Beckwith ikatumwa kuwatoa. Wote tunakumbuka ilivyoisha, helikopta zilitoka 8, zikafika jangwani 6, moja ikawa mbovu zikabaki 5 na mpango ulihitaji zisizopungua 6, wakasitisha, wakati wanajipanga kuondoka helikopta ikagonga ndege ya C-130, wakafa wanajeshi 8. Watu wanaishia kwenye helikopta tu. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na tatizo ambalo kwangu mimi ndio kubwa zaidi, ndani ya Tehran hawakuwa na macho yao wenyewe ya kutosha! Ilibidi wamwingize Dick Meadows, komandoo aliyeshastaafu, akajifanya mfanyabiashara wa Ulaya akaenda kuukagua ubalozi na kuandaa usafiri. Nchi yenye bajeti ile inamtegemea mstaafu.

Baada ya kushindwa, Iran ikawatawanya mateka miji mbalimbali, na Marekani ilikuwa inapanga kurudi mara ya pili. Utarudi wapi wakati hujui watu wako wapi? Ndio likaundwa kundi dogo la muda chini ya Kanali Jerry King, na mwaka 1981 likageuzwa kuwa ISA rasmi. Mateka wenyewe waliachiwa kwa mazungumzo Januari 1981 kwa hiyo ile safari ya pili haikufanyika, lakini kikosi kikabaki.

Kuhusu CIA, CIA inakusanya taarifa za kumsaidia rais kuamua. Komandoo anataka vitu vingine kabisa, mlango unafunguka kwa ndani au kwa nje, ukuta una urefu gani, helikopta itatua wapi bila kugusa nyaya. Hizo anazitafuta vizuri mtu anayejua kesho wenzake ndio watapita hapo.

tumbusi_wa_anga:
Kamusi umemaliza upande wa historia, mimi niongezee upande wa mawimbi maana hapo ndipo hawa jamaa wanapotisha kweli. Kesi ya Pablo Escobar, yule bosi wa dawa za kulevya wa Colombia. Alitoroka gereza la La Catedral Julai 1992, Centra Spike wakawa wanaruka juu ya Medellín na ndege ndogo za Beechcraft ambazo ukiziona unadhani ni za raia wa kawaida, ndani zimejaa mitambo ya kunasa simu, yaani Escobar akipiga simu ndege inapima mawimbi ya simu yanatokea upande gani, inasogea kidogo inapima tena, inasogea inapima tena, mistari inapokutana ndipo alipo, na yeye alilijua hilo akawa anaongea muda mfupi mfupi huku anahamahama. Ila niwe mkweli, siku ya mwisho Desemba 2, 1993 waliompata ni polisi wa Colombia wenyewe wa Search Bloc, kikosi maalumu cha kumsaka, wakiwa na mtambo kwenye gari mtaani, alikuwa anaongea na mwanae kwenye simu. Ndege ilifanya kazi ya kumpunguzia uwanja wa kujificha, haikumkamata.

Na ile ya Jenerali James Dozier wa jeshi la Marekani kule Italia ni hivyo hivyo. Red Brigades, kundi la kigaidi la Italia, walimteka Verona Desemba 1981, Wamarekani wakapeleka wataalamu wa kunasa mawasiliano, lakini nyumba aliyofichwa kule Padua ilijulikana baada ya polisi wa Italia kumkamata mtu wa kundi lile, na ni polisi wa Italia waliovunja mlango Januari 28, 1982. Mitambo bila binadamu haifiki mwisho.

Mdadisi_Huru:
Nimeelewa vizuri sana asanteni. Sasa swali langu la pili, kikosi kisicho na jina la kudumu, pesa zake hazionekani, nani anakikagua?

Wakili Kivuli:
Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Kikosi hakijamaliza hata miaka miwili tangu kizaliwe, Mei 1982, Frank Carlucci aliyekuwa naibu waziri wa ulinzi aliandika waraka mkali akisema hakuna anayekidhibiti, akataka kivunjwe. Miongoni mwa mambo yaliyomkera ni manunuzi ya ajabu, likiwemo gari la Rolls-Royce na puto la kurukia angani. Waraka huo uko wazi siku hizi. Hakikuvunjwa, kiliandikiwa mipaka mipya kikaendelea.

Tatizo la kisheria bado lipo. CIA ikitaka kufanya operesheni ya kificho lazima rais asaini na kamati za ujasusi za Bunge zijulishwe. Jeshi lina njia nyingine, linaweza kusema hii ni maandalizi ya kawaida ya uwanja wa vita, basi inapita njia nyepesi zaidi. Mtu yule yule, nguo za kiraia zile zile, nchi ambayo haina vita na Marekani, lakini anakaguliwa kidogo kwa sababu mshahara wake unatoka jeshini. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo. Colombia yalizuka maswali kama taarifa zilizonaswa zilikuwa zinafika kwa Los Pepes, kundi la maadui zake waliokuwa wanaua watu wa Escobar na mawakili wake. Mawakili jamani!

Kamusi ya Vita:
Wakili hoja yako ina uzito ila ukaguzi ukiwa wa watu wengi siri inavuja na anayekufa ni yule aliye peke yake kule mbele. Muangalie Kapteni Robert Nairac wa Uingereza, Mei 1977 alitekwa baa ya South Armagh, Ireland Kaskazini, akiwa kazini kwa nguo za kiraia, mwili haujapatikana mpaka leo.

Wakili Kivuli:
Nairac hakufa kwa sababu ya bunge mkuu, alienda baa peke yake bila wenzake wa kumlinda. Kamati ya wabunge wachache walioapa kutunza siri haihitaji kujua nani yuko baa gani, inahitaji kujua kikosi kiko nchi gani na kimeruhusiwa kufanya nini.