Mkoma mwaka wa 4 sasa, majani matatu tu. Nimekosea wapi?

Mchanga_Mtupu:
Wakuu, salaam. Nyumba yangu iko karibu na bahari, udongo mchanga mtupu, ukichimba dhiraa moja na nusu unagonga jiwe la matumbawe. Jirani zangu wote wamepanda minazi. Mimi nikataka mkoma, ule wa jamii ya mnazi, maana shina lake linavyogawanyika panda panda nimelipenda tangu utotoni. Nikaokota makoma, yaani matunda yake, matano, nikayafukia kwenye ndoo. Likaota moja, baada ya miezi minane! Lilipotoa jani nikalihamishia ardhini. Leo majani ni matatu, hayafiki gotini, na la chini limeanza umanjano. Mnazi wa jirani wa mwaka huohuo umeshanipita kimo, na jirani hachoki kunikumbusha. Namwagilia kila jioni. Niweke mbolea gani ukimbie? Au niung'oe niupeleke penye udongo mzuri?

Babu_Miyaa:
Usiung'oe. Mengine tutaongea baadaye, hilo kwanza.

Mkoma unaanza kwa kwenda chini. Koma likiota halitoi jani pale lilipo, linasukuma kama mkia mweupe kuelekea ardhini, na mche unaanzia huko kwenye ncha ya mkia, ndipo jani lipande juu. Baada ya hapo unakaa miaka mingi ukinenepesha kitako chini ya mchanga, shina hulioni. Kuulinganisha na mnazi ni kuuonea. Sasa niambie, ndoo ilikuwa na kina gani, na ulipoitoa ulikuta nini chini?

Mchanga_Mtupu:
Ndoo ya lita kumi, babu. Nilipoipasua nikakuta mzizi mweupe mnene kama kidole gumba, umejizungusha chini mara mbili. Haukuenea shimoni, nikaukata ncha.

Babu_Miyaa:
Ehee! Basi mwanangu, mti wako hauna miaka minne. Uhesabu tangu pale ulipopona. Umeokoka kwa sababu jamii hii huotesha mizizi mipya kutoka kwenye kitako, lakini ilibidi uanze upya. Siku nyingine koma litie ardhini moja kwa moja, palepale unapotaka mti usimame.

Kaka_Jembe:
Mkuu panda mwembe uache mateso 😂

DadaBustani:
Tuje kwenye umanjano. Ni jani la zamani au lile changa la katikati? Na rangi imeanzia wapi?

Mchanga_Mtupu:
La zamani kabisa, dada. Ncha na kingo, kisha kuna vidoadoa vya rangi ya chungwa.

DadaBustani:
Hiyo ni njaa ya potasiamu, mchanga hauishiki, maji yanaiosha. Mti unainyonya kutoka jani kuukuu na kulilisha changa. Kwa hiyo usilikate mpaka likauke lenyewe. Ukilikata, njaa inahamia jani linalofuata. Mwenye minazi anakuambia weka majivu, ila wewe uko juu ya matumbawe, ardhi tayari ina chokaa, na majivu yanazidisha. Hapo madini ya chuma na manganizi yanafungwa, mti hauyapati, halafu jani changa nalo litapauka. Tafuta mbolea ya michikichi inayoyeyuka polepole yenye potasiamu na magnesiamu, kidogo kidogo, mbali na kitako. Yurea peke yake hapana.

Babu_Miyaa:
Na hayo maji ya kila jioni yanalowesha juu tu. Mwagilia mara moja kwa wiki, ndoo mbili taratibu, yazame.

Kaka_Jembe:
Hapo babu tunapishana kidogo. Mche wenye mizizi mipya kwenye mchanga, kiangazi, wiki nzima ni ndefu. Mimi ningempa kila baada ya siku tatu mpaka mvua zishike.

Babu_Miyaa:
Kiangazi nakubali. Umeanza kusema la maana, kumbe.

DadaBustani:
Umeufunika na nini hapo chini?

Mchanga_Mtupu:
Majani makavu, na gogo la mnazi lililooza nimeliegemeza upande wa upepo.

DadaBustani:
Liondoe hilo gogo leo! Chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, hutaga kwenye magogo ya mnazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi. Akikomaa anatoboa kilele, na mti huu mdogo una kilele kimoja tu. Majani makavu yabaki, yasiguse kitako.

Mchanga_Mtupu:
Nimeliondoa, nikakuta funza weupe wanene wamejikunja. Sijui kama ndio hao, nimewapa kuku. Swali la mwisho: nitajuaje kama ni jike? Nataka makoma.

Babu_Miyaa:
Mpaka utoe maua, na hilo ni la miaka. Dume na jike ni miti mbalimbali. Fukia makoma mengine mawili matatu pembeni, hujui utapata nini. Kwa sasa chukua kalamu ya wino, chora mstari mmoja unaokatiza jani changa lililofumba na jani lililo jirani yake. Usiuguse, urudi baada ya wiki mbili.

Mchanga_Mtupu:
Wakuu, nimerudi. Mstari umeachana. Wa jani changa uko juu kwa upana wa vidole viwili. Nimemwita jirani aje aone, akaniuliza mistari hiyo ni ya nini.

Kaka_Jembe:
😂😂 Muoneshe na funza.