Hela za bahati nasibu zinaishia kwa wakubwa, vikundi vidogo tunabaki kujaza fomu tu

Wakuu habari zenu, hili limenikaa kooni muda mrefu. Kila tangazo la bahati nasibu ni nunua tiketi usaidie jamii, wanaweka picha ya mtoto anacheka, basi mtu anatoa hela yake ya mwisho akijua hata nikikosa kuna mtu nimemsaidia. Haya, umemsaidia nani?

Chukueni Uingereza, ambako angalau hesabu ziko wazi. Ya kwao ilianza 1994. Kila pauni ya tiketi peni 12 ni kodi, bado zawadi, bado kamisheni ya mwenye duka, bado chake mwendeshaji, kinachofika kwa jamii hakifiki hata theluthi. Zile tiketi za kukwangua ndo balaa kabisa, fungu la jamii humo ni dogo zaidi. Wakaguzi wa serikali yao 2017 wakakuta faida ya kampuni iliyokuwa inaendesha imepanda 122% tangu 2009/10, hela ya jamii imepanda 2%. Mbili!!

Na hicho kidogo nacho wakubwa wanakitolea macho. 1995 jumba la opera la London lilipewa zaidi ya pauni milioni 70. 2007 serikali ikachota milioni 675 za nyongeza kwa ajili ya Olimpiki ya 2012, milioni 425 zikatoka kwenye mfuko unaosaidia vikundi vya kijamii, eti zitarudi ardhi ya Olimpiki ikishauzwa. Yaani mzee anayehitaji msaada leo asubiri viwanja viuzwe.

Mimi mwenyewe nimeandika mara mbili andiko la kuomba hela za bahati nasibu kwa ajili ya kikundi chetu cha wazazi wenye watoto walemavu. Wanaogawa hela wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, sasa hela ya kumlipa mkaguzi tungekuwa nayo si tungenunua vifaa? Miezi 7 kimya, halafu mistari miwili, maombi yalikuwa mengi. Orodha ya waliopata ikatoka, asasi zilezile kubwa zenye mtu analipwa mshahara kazi yake kuandika maandiko tu. Kuna mama kwetu anambeba mwanae mgongoni, mtoto ana miaka 11, na wanaonunua hizo tiketi kila wiki ni watu wa hali yake hiyohiyo.

Watenge fungu la vikundi vidogo, fomu iwe kurasa 2, atumwe mtu aje aone kwa macho yake. Tuliomba viti vya magurudumu 6. Sita tu jamani.