Mjane mwenye watoto wanne wilayani Masasi: aanzie wapi kuomba msaada wa kaya maskini?

Swali, kutoka kwa Mzaliwa wa Masasi

Shikamooni wakubwa, na habari za majukumu kwa wenzangu. Ninaomba mwongozo wa watu wanaofahamu utaratibu wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, pamoja na misaada mingine ya Serikali kwa familia zisizojiweza.

Dada yangu anaishi katika kijiji kimoja wilayani Masasi. Mumewe alifariki mwaka jana, naye amebaki na watoto wanne: mmoja yuko kidato cha pili, wawili wako shule ya msingi, na kitinda mimba hajatimiza miaka miwili. Anaishi kwa vibarua vya palizi katika mashamba ya mikorosho ya watu, kazi ambazo hupatikana kwa msimu, na ikifika Februari na Machi chakula cha mwaka uliopita kimekwisha na kipya hakijakomaa. Mimi niko Dar es Salaam, ninaendesha bodaboda na nina familia yangu, hivyo ninachomtumia ni kidogo na hakina tarehe.

Ninapenda kujua kama ninaweza kumwombea TASAF nikiwa huku mjini, kwa sababu kuna mtu ameniambia kwamba fomu zinapatikana na kwamba yeye anaweza kunisaidia nikimpa fedha kidogo ya usumbufu. Aidha, ninauliza kama kuna msaada wa chakula kwa kaya kama hiyo. Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni malezi: dada anapokwenda kibaruani humwacha mtoto mdogo na binti yake wa darasa la tano, na siku hizo binti haendi shuleni.

Jibu, kutoka kwa Mjumbe Mstaafu

Marahaba, kijana wangu, na poleni kwa msiba. Huyo anayetaka fedha ya usumbufu usimpe hata senti, kwa kuwa hakuna fomu ya TASAF inayouzwa wala inayojazwa kwa niaba ya kaya na mtu aliye mkoa mwingine. Nilikuwa katika kamati ya usimamizi ya jamii ya kijiji chetu mpango ulipoanza, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo jinsi kaya inavyoingia, maana watu wengi hudhani kwamba ni suala la kuandika barua ya maombi na kusubiri majibu.

TASAF yenyewe ilianza mwaka 2000 na katika awamu zake mbili za mwanzo ilijulikana zaidi kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Ni katika awamu ya tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012 wakati wa Rais Kikwete, ndipo fedha zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwa kaya maskini kwa mapana, na kipindi cha pili cha awamu hiyo kilizinduliwa Februari 2020 na Rais Magufuli kwa lengo la kufika katika vijiji, mitaa na shehia zote, kwa kuwa awali vijiji vingi vilikuwa vimeachwa nje. Kaya hutambuliwa kijijini hapohapo. Huitishwa mkutano wa hadhara, wananchi hukubaliana vigezo vya umaskini kwa mazingira yao, majina hutajwa mbele ya watu, kisha kaya zilizotajwa hujaziwa dodoso kuhusu nyumba, mali, chakula na watu wanaotegemewa. Majibu ya dodoso huchambuliwa kwa kompyuta, na orodha inayopatikana hurudishwa tena katika mkutano ili wananchi waithibitishe au waipinge. Nimeshuhudia jina la ndugu wa kiongozi likifutwa katika mkutano huo wa pili, na nimeshuhudia pia bibi kizee aliyestahili akikosa kwa sababu tu siku ya kutaja majina hakuna aliyemkumbuka. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya utaratibu huu: asiye na msemaji mkutanoni anaweza kupitwa.

Kwa hiyo kazi yako wewe uliye mjini ni kuhakikisha kwamba dada anafahamika kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji kama mkuu wa kaya, na kwamba anahudhuria mikutano. Utambuzi wa kaya mpya haufanyiki kila siku, bali hufunguliwa kwa vipindi, na mtendaji, au mratibu wa TASAF katika halmashauri, ndiye atakayemweleza kipindi kijacho. Mumeo akifariki katikati ya kipindi, umaskini wako unakuwa mpya lakini orodha ni ya zamani, na jambo hilo tulililalamikia tangu wakati wetu.

Kuhusu kiasi, usitegemee makubwa. Tulipoanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na kaya yenye watoto wengi wanaosoma na kuhudhuria kliniki ilikuwa na kikomo cha shilingi 38,000 kwa mwezi, ikilipwa kila baada ya miezi miwili. Viwango vimerekebishwa tangu hapo. Wenye nguvu za kufanya kazi hupangiwa pia ajira za muda katika miradi ya kijiji, kama barabara, malambo na upandaji wa miti, kwa ujira wa kutwa ambao katika kipindi cha kwanza ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku 60 za mwaka, hasa katika miezi ya njaa.

Sehemu ya ruzuku ina masharti, na hapa ndipo ninapotaka usome kwa makini. Mtoto aliye shuleni anapaswa kuhudhuria si chini ya asilimia 80 ya siku za masomo, na mtoto aliye chini ya miaka miwili anapaswa kupelekwa kliniki kila mwezi. Binti anayebaki nyumbani kulea mdogo wake atashuka chini ya kiwango hicho, na kaya itakatwa fedha hata ikishaingizwa katika mpango. Ndiyo maana ninaona kwamba umeliweka mwisho swali lililopaswa kuwa la kwanza.

Jibu, kutoka kwa Ustawi Kanda ya Kusini

Ninakubaliana na mzee wangu kwa yote, na nitajazia upande wa malezi na chakula, kwa kuwa ninafanya kazi katika ofisi ya ustawi wa jamii, ingawa si katika halmashauri ya kwenu.

Hakuna fedha ya Serikali inayolipwa kwa mama maskini ili agharamie malezi ya mtoto anapokwenda kazini. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vipo kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na husajiliwa kupitia ustawi wa jamii, lakini vingi ni vya watu binafsi, viko mijini, na vinatoza ada. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahimiza vituo vya kijamii vinavyoanzishwa na wananchi wenyewe, na katika baadhi ya maeneo vimeanza; ninamshauri dada amuulize afisa maendeleo ya jamii wa kata kama kuna kinachofikika kwa miguu. Kama hakipo, njia iliyosaidia akina mama wengi ninaowahudumia ni kupeana zamu: wanawake watatu au wanne wanaokwenda palizi pamoja humwacha mmoja wao na watoto wote, naye hupewa sehemu ya ujira wa siku. Ni mpango usio rasmi, nami kama afisa ningependa mlezi huyo afahamike kwa mwenyekiti wa kitongoji, lakini ni bora mara nyingi kuliko kumtoa mtoto wa darasa la tano shuleni. Mdogo akifikisha umri wa darasa la awali ataandikishwa katika shule ya msingi ya Serikali bila ada, na hapo mzigo utapungua.

Kuhusu chakula, nchi yetu haina mgao wa kudumu wa chakula kwa kaya maskini. Ruzuku ya fedha ndiyo inayotarajiwa kufanya kazi hiyo. Chakula cha msaada hutolewa kunapotokea maafa, kwa uratibu wa Ofisi ya Waziri Mkuu, na bei ya mahindi ikipanda sana Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huweza kupeleka mahindi ya bei nafuu katika halmashauri, lakini hayo huuzwa, hayagawiwi. Chakula cha shuleni nacho hutegemea michango ya wazazi hata baada ya ada kufutwa mwaka 2016. Mtoto hapaswi kufukuzwa kwa sababu mzazi hakuchangia mahindi, na mama asiye na uwezo aongee mapema na mwalimu mkuu akiwa na barua ya mtendaji.

Jambo ambalo hukuuliza ni matibabu. Watoto walio chini ya miaka mitano wana haki ya huduma bila malipo katika vituo vya Serikali. Kwa yeye na watoto wakubwa, afike ofisi ya ustawi wa jamii akiwa na barua ya utambulisho kutoka kijijini ili hali yake itathminiwe kwa ajili ya msamaha wa gharama za matibabu. Asisubiri mpaka mtu augue.

Jibu, kutoka kwa Mlengwa wa Lindi

Mimi ni mlengwa, yaani kaya yangu inapokea ruzuku ya TASAF, tangu kipindi cha kwanza. Mwambie dada kwamba akishaingia, fedha ni yake na hakuna kiongozi mwenye mamlaka ya kuikata mezani kwa ajili ya mchango wa ofisi au wa kitu chochote. Sisi tulikatwa mara mbili mpaka tuliposimama katika mkutano tukauliza mbele ya watu wa halmashauri, na makato yakakoma. Ahakikishe pia ana namba ya kitambulisho cha taifa na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa malipo mengi sasa hupitia simu au benki, na waliotumia laini za watoto wao wamepata taabu.

Jibu, kutoka kwa Fundi Seremala

Kwa heshima zote, naona tunamwelekeza mama huyu katika foleni ndefu kwa ajili ya fedha ndogo. Halmashauri zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Kwa nini asijiunge na kikundi akaanzisha biashara?

Jibu, kutoka kwa Mjumbe Mstaafu

Ndugu Fundi, mkopo hulipwa. Mama ambaye hana chakula cha Machi atakula mtaji kabla ya Aprili, nasi tutamwona akikimbia wanakikundi wenzake. Aanze na kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ambacho walengwa wengi wanacho, na mikopo ya halmashauri aifikirie mwaka kesho au keshokutwa.

Mzaliwa wa Masasi

Ninawashukuru sana. Yule mtu wa fomu nimemjibu kwamba nimebadili mawazo. Kuna jambo ambalo sikulieleza kwa kudhani halihusiki: dada alirudi kuishi katika kiwanja cha mama yetu baada ya msiba, na mama ni mlengwa wa TASAF. Je, hilo linamzuia?

Jibu, kutoka kwa Mjumbe Mstaafu

Linahusika sana, kijana wangu. Swali litakaloulizwa ni kama wanapika na kula pamoja. Kama dada ana jiko lake na anajitegemea kwa chakula, huyo ni kaya nyingine ingawa wako kiwanja kimoja, na atasubiri utambuzi. Kama wanakula chungu kimoja, basi wamekuwa kaya moja, na mama anapaswa kwenda kuhuisha taarifa za kaya yake kwa kupitia kamati na mtendaji, akieleza kwamba wamehamia wajukuu wanne, watatu wanasoma na mmoja anahudhuria kliniki. Aende na vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki na majina ya shule, na afanye hivyo kabla ya malipo yajayo, kwa sababu taarifa hizo huchukua muda kuonekana katika mfumo. Wakubaliane wao wawili kwanza, maana wakisema mama hivi na dada vile mbele ya mtendaji, wote watacheleweshwa. Na kama mama bado ana nguvu, muulize pia kama anaweza kukaa na mtoto siku za palizi.

Mzaliwa wa Masasi

Mama miguu inamsumbua, lakini mtoto aliyeanza kutembea anaweza kumwangalia kwa nusu siku, akipata jirani wa kumsaidia. Wanakula pamoja. Nitawapigia simu jioni hii, na dada atakwenda na mama kwa mtendaji Jumatatu.