Mrejesho: wenzo wa mguu wa cherehani ya Singer umeachia

Wakuu, ile Singer ya zamani ya mkono, ya hapa Moshi, niliyoiulizia kwa sababu wenzo wa kuinulia mguu (ule unaokandamiza kitambaa) ulikuwa umekwama, sasa wenzo umeachia. Haukuwa na kutu. Mafuta ya kupikia yaliyowekwa zamani yalikuwa yameganda na vumbi la pamba, yakawa kama gundi ya kahawia kwenye fimbo inayoshika mguu.

Kwanza legeza skrubu ya juu inayokandamiza springi, kisha fungua kifuniko cha ubavuni. Dondoshea mafuta ya taa pale fimbo inapoingia na inapotokea, na kwenye ekseli ya wenzo. Iache ilale. Asubuhi puliza draya ya saluni, halafu chezesha wenzo kidogo kidogo, juu na chini. Nyundo hapana kabisa: chuma cha kumimina hakipindi, kinakatika. Thina na spiriti nazo ziwekeni mbali, zinakula maua ya dhahabu yaliyopambwa kwenye cherehani.

Wenzo ukishalegea, futa uchafu wote. Mafuta ya taa yakikauka hayaachi ulainisho, kwa hiyo weka tone moja la mafuta ya cherehani kila sehemu. Springi kazeni mwishoni, mkijaribia kitambaa chakavu.