Kikundi cha Kwa Bi Kidawa: usiku wa gego la Rashidi

*Jumapili, saa 5:47 usiku*

Rashidi: Assalam alaykum. Kuna aliye macho?

Rashidi: Jino. Sijalala tangu juzi. Nikilala chali linapiga kama ngoma, nikikaa linapungua kidogo. Sasa hivi niko kwenye kiti cha jikoni kama mlinzi wa zamu.

Mama: Waalaykum salaam mwanangu. Mie niko macho. Jino lipi tena?

Rashidi: Lile lile la Ramadhani, mama. Gego la chini, kulia.

Mama: Si ulisema limepona?

Rashidi: Lilinyamaza.

Mama Mkubwa Zuhura: Pole baba. Hapo Amani karafuu si ziko nje ya mlango? Chukua moja kavu, iume hapo hapo penye jino, usiitafune. Iache ilainike yenyewe.

Rashidi: Nishaweka mama mkubwa. Inasaidia kama dakika ishirini, halafu linarudi na hasira zaidi. Linapanda mpaka sikioni, hata sijui tena kinachouma ni jino au sikio.

Mjomba Hamisi: Mpwa wangu, kuna mzee mmoja Korogwe alikuwa anachovya kijiti kwenye maji ya betri, anagusisha kwenye tundu. Mara moja tu. Jino linameguka lenyewe vipande vipande.

Asha: Mjomba!!

Mjomba Hamisi: Nasema nilichokiona.

Mama Mkubwa Zuhura: Na huyo mgonjwa ulimwona tena baada ya hapo?

Mjomba Hamisi: Mie nilihama Korogwe.

Omari: Bro mpaka sasa umekunywa nini?

Rashidi: Diklo nne za maumivu tangu asubuhi. Na vile vya rangi mbili, antibayotiki, vilivyobaki tangu Ramadhani, viwili. Na aspirini moja nimeisaga nikaibandika kwenye ufizi.

Asha: Kaka, na vidonda vyako vya tumbo?

Rashidi: Asha, kwa usiku huu tumbo lisubiri zamu yake.

Mama: Dada Zuhura, mwamshe Mwana.

Omari: Mama, ni saa sita usiku. Mwana yuko kazini kesho asubuhi.

Mama: Alisomea meno au alisomea usingizi?

*Saa 6:20 usiku*

Mwana (Kibaha): Nimeamka. Shikamoo mama mdogo, shikamoo mjomba. Rashidi, nijibu haya bila porojo. Mdomo unafunguka? Vidole viwili vinapita katikati ya meno ya mbele? Mate unameza? Pumzi je? Una homa? Ulimi ukiuinua, chini yake pamevimba? Washa tochi unipigie picha ya shavu kwa mbele, na nyingine ya chini ya kidevu.

Rashidi: [picha]

Rashidi: [picha]

Rashidi: Vidole viwili vinapita kwa taabu. Mate nameza, ila yanauma. Pumzi sawa. Mwili wa moto, kipimajoto sina. Chini ya ulimi pako kawaida.

Asha: Ya Rabi. Shavu limekuwa hivyo tangu lini?

Rashidi: Asubuhi lilikuwa nusu ya hili.

Mwana: Hili si jino la kusubiri wikiendi. Usaha umetoka kwenye mzizi, umeingia shavuni. Kukipambazuka unashuka Muheza.

Mwana: Na nyie wengine mnisikie, maana yeye akizidiwa hatasoma. Akishindwa kumeza mate mpaka yanamtoka, au akizungumza kama amejaza ugali mdomoni, au uvimbe ukateremka chini ya taya kuelekea shingoni, au pumzi ikaanza kubana, hamngoji kupambazuke. Mnatafuta gari la mtu yeyote, hata la mbao. Chini ya ulimi pakivimba pande zote mbili, ulimi unasukumwa nyuma na njia ya hewa inaziba. Hiyo inaua, na huwa imeanza kama jino tu.

Mama: Inna lillahi. Mwana usituue kabla yake.

Mwana: Hajafika huko mama mdogo. Nasema ili asifike.

Mwana: Rashidi, diklo acha. Nne kwa siku moja na vidonda vya tumbo, unatafuta kutapika damu. Panadoli unazo? Viwili vya miligramu 500 sasa, viwili tena baada ya saa sita. Visizidi vinane kwa saa 24. Hiyo aspirini iondoe ufizini, ni tindikali, inaunguza nyama.

Rashidi: Ndiyo maana pamekuwa peupe?

Mwana: Ndiyo. Umejichoma. Glasi moja ya maji ya uvuguvugu, chumvi nusu kijiko cha chai, sukutua taratibu uteme. Shavuni kitambaa cha maji baridi, usikande na cha moto. Na ukilala weka mito miwili mitatu. Ukilala chali bila mito damu inakimbilia kichwani, na ndani ya mfupa wa taya hapana pa kutanukia. Hiyo ndiyo ngoma yako.

Mama Mkubwa Zuhura: Na karafuu yangu?

Mwana: Haina ubaya mama. Yale mafuta yake, yujenoli, ndiyo sisi kazini tunachanganya na unga wa zinki oksaidi kuziba jino kwa muda. Ila inatia ganzi tu, usaha haiutoi. Na asimimine mafuta yenyewe ya chupani kwenye ufizi, yanababua.

Mama Mkubwa Zuhura: Mnaona? Na hospitali wanatumia karafuu.

Mjomba Hamisi: Sasa vile vya rangi mbili si avimalize?

Mwana: Amalize nini mjomba, masalia? Hivyo ndivyo vilivyomponza. Rashidi, Ramadhani ulikunywa siku ngapi?

Rashidi: Mbili. Maumivu yakaisha, vingine nikavihifadhi.

Mwana: Yaliisha kwa sababu mshipa wa fahamu ndani ya jino ulikufa. Jino lililokufa haliumi. Lakini tundu ulilibakisha wazi, wadudu wakapita mpaka nchani mwa mzizi, wakakaa huko miezi yote hii. Na dawa ya kumeza haiwafikii, kwa sababu ndani ya jino lililokufa hapapiti damu. Dawa inasaidia huku nje, kwenye shavu. Chanzo kinatolewa kwa mkono.

Mama: Kumbe wadudu wa meno wapo kweli! Marehemu bibi alikuwa akifukizia watu mbegu, wadudu wanadondoka kwenye sahani.

Mwana: Bakteria, mama mdogo. Hawadondoki kwenye sahani.

Mama: Mie nilikuwa nawaona.

Mwana: Haya mama mdogo. Rashidi kalale umekaa.

*Jumatatu, saa 11:10 alfajiri*

Rashidi: Mvua haijakatika. Gari la kwanza limesema halishuki, kuna tope Zigi.

Omari: Boda?

Mama: Asipande boda na homa ile, kwenye mvua ile, kwenye kona zile. Nakataza.

Asha: Nimekutumia 30,000. Kodi mtu.

Rashidi: Nimepata pikapu ya wauza iliki. Niko nyuma na magunia, wamenifunika turubai. Kila shimo jino linanitajia jina langu kamili.

Mwana: Umekula?

Rashidi: Kwa mdomo upi?

Mwana: Kunywa maji hata kwa kijiko. Usifike kwa daktari huku umekauka.

*Saa 2:35 asubuhi*

Rashidi: Nimeanzia kituo kimoja hapa karibu na stendi, ndicho nilichokiona kwanza. Nimechomwa sindano. Wanasema jino likiwa limevimba haling'olewi, nirudi baada ya siku saba.

Mwana: Nani kasema? Mtu wa meno?

Rashidi: Aliyekuwepo.

Mwana: Alikuchungulia mdomoni?

Rashidi: Aliangalia shavu.

Mwana: Toka hapo. Nenda hospitali, uliza kinywa na meno, usikae foleni ya malaria. Ukifika usiseme "jino linauma", kila mtu pale jino linamuuma. Sema hivi: uvimbe umeongezeka mara mbili tangu jana asubuhi, mdomo unafunguka vidole viwili, nina homa, nina vidonda vya tumbo. Na uwatajie kila ulichokunywa, hata hiyo sindano. Jina lake uliliuliza?

Rashidi: Hapana.

Mwana: Rudi dirishani uliza, wakuandikie.

Omari: Kwani si kweli kwamba haling'olewi? Hata mie nimekua nikisikia hivyo.

Mwana: Sote tumekua tukisikia hivyo. Kuna wakati daktari anaanza na dawa kweli, mfano mdomo ukiwa haufunguki kabisa. Lakini anaamua akishaona. Jipu lina usaha, usaha unataka kutoka, kwa kupasua au kwa kung'oa. Nina wagonjwa walioambiwa siku saba wakaja siku ya tano wamebebwa. Naomba tusilumbane, nina mtu kwenye kiti.

Mama: Rashidi kadi ya bima umeibeba?

Rashidi: Ipo mama. Imelowa ila inasomeka.

*Saa 6:15 mchana*

Mama: Simu haipokelewi.

Omari: Yuko ndani mama.

Mama: Tangu saa nne?

Mama Mkubwa Zuhura: Tumsomee.

*Saa 6:50 mchana*

Rashidi: [ujumbe wa sauti, sekunde 14]

Asha: Nimeusikiliza mara tatu nimeambulia "bwana" na "ndoo".

Rashidi: Ganzi. Ulimi si wangu. Naandika.

Mama: Alhamdulillah. Limetoka?

Rashidi: Limetoka. Daktari ni binti mdogo kuliko Asha, mkono kama wa fundi baiskeli. Sindano ya kwanza ilikataa. Alipogusa jino niliona nyota, nikamshika mkono. Hakunigombeza. Akasema ngoja, akanichoma nyingine huku nyuma kabisa penye kiungo cha taya, akatoka nje kama dakika kumi. Aliporudi mdomo nusu ulikuwa umehama.

Mwana: Penye usaha pana tindikali, ganzi inashindwa kufanya kazi. Ndiyo maana anadunga mbali, kwenye mshipa wenyewe kabla haujafika kwenye jino. Huyo binti anajua kazi.

Rashidi: Kwanza alichana ufizi kwa ndani ya shavu. Jamani. Harufu ile mie mwenyewe niliomba radhi. Ndoo ndiyo hiyo Asha aliyoisikia. Lakini pale pale, kabla hata ya kung'oa, ule mgandamizo wa siku tatu ukaondoka kama mtu kafungua dirisha. Nililia. Si kwa maumivu.

Mama: Mwanangu.

Rashidi: [picha]

Asha: NAKULA JAMANI

Rashidi: Tazameni nchani mwa mzizi. Hicho kifuko kilichong'ang'ania, kama punje ya mtama. Ndicho chote hicho. Punje ya mtama imenikesheza siku tatu.

Mjomba Hamisi: Mbona jino lenyewe juu zima?

Rashidi: Si zima mjomba, ligeuze. Katikati ni pango. Alinionyesha picha ya eksirei, chini ya mzizi kuna doa jeusi. Akasema ningeenda Ramadhani wangesafisha mizizi na kuliziba, ningebaki nalo. Sasa nimebaki na shimo.

Mwana: Pamba unaiuma?

Rashidi: Naiuma.

Mwana: Iume nusu saa mpaka saa nzima bila kuichungulia chungulia. Leo usisukutue, usiteme teme mate, usinyonye chochote kwa mrija. Lile bonge la damu ndilo kifuniko cha shimo, likitoka mapema mfupa unabaki wazi, na hapo utanipigia usiku tena. Kesho ndiyo uanze maji ya chumvi, taratibu. Amekupa dawa gani?

Rashidi: Amoksilini na flajili, siku tano. Na panadoli. Nilipomtajia vidonda vya tumbo alikata kitu kwenye karatasi.

Mwana: Alikata diklo. Maliza zote tano, hata kesho ukiamka shavu limelala. Homa ikirudi au uvimbe ukipanda tena, unarudi siku hiyo hiyo. Na flajili na pombe haviendi pamoja.

Rashidi: Mie sinywi.

Mwana: Nasema kwa kikundi.

Mjomba Hamisi: Kwani mie ndiye ninayeumwa?

Mama: Unalala Muheza kwa mama Salma, usipande mlima leo. Nimemwambia apike uji wa mchele laini. Usiwe wa moto.

Rashidi: Mitihani ya darasa la nne ninayo kwenye mkoba, nitasahihishia hapo.

Asha: Kulala tu kaka. Lala.

Mama Mkubwa Zuhura: Hamisi, mie nina swali. Kwenye harusi ya Asha ile pilau ulikuwa unaitafunia upande mmoja. Nikadhani ni nyama ngumu.

Mama: Hata muwa kaka siku hizi hali.

Mjomba Hamisi: Mambo ya Rashidi yameingiliaje kwangu?

Mwana: Mjomba, washa tochi nipigie picha.

Mjomba Hamisi: Huku mtandao unasumbua.

Mwana: Basi niambie tu. Linauma?

Mjomba Hamisi: Haliumi. Liliuma mwaka juzi, likanyamaza.