Quy Nhon, Tuy Hoa au Dong Hoi: mji upi wa pwani ya Vietnam kwa anayetaka utulivu?

Kasuku_Tanga
Wakuu, safari ni ya wiki moja, Aprili, watu wazima wawili. Da Nang na Nha Trang tumeziondoa kwa sababu ya msongamano. Imebaki miji mitatu hapo juu. Vigezo: bahari ya kuogelea, usafiri bila kuendesha wenyewe, chakula kisicho na nguruwe.

mzee_wa_reli
Quy Nhon, ila kuweni makini na tiketi. Reli kuu ya Hanoi hadi Ho Chi Minh City haiingii mjini. Treni husimama Diêu Trì, kilomita kama 10 nje. Kituo cha Quy Nhon kiko kwenye tawi la reli na treni zake ni chache mno. Ukitafuta kwa jina la mji utaona hakuna kitu, udhani zimejaa. Andika Diêu Trì, ukishuka panda teksi. Tuy Hoa na Dong Hoi hazina usumbufu huo.

Kwa ndege, uwanja ni Phù Cát (UIH), kilomita 30 hivi kutoka mjini. Hapa ndipo watu watapotea: Julai 2025 mkoa wa Binh Dinh uliunganishwa na Gia Lai, na jina lililobaki ni Gia Lai. Ukichagua jina hilo kwenye tovuti ya tiketi unaweza kuletewa Pleiku (PXU), huko nyanda za juu, zaidi ya kilomita 150 kutoka baharini. Fuateni herufi tatu za uwanja, achaneni na jina la mkoa.

Dada_Mkunguni
Kwa kuogelea hakuna mjadala. Ufukwe wa Quy Nhon umejikunja ndani ya ghuba na rasi ya Phương Mai inapunguza mawimbi. Wa Tuy Hoa umenyooka, uko wazi kwa bahari kuu, kina kinaanguka ghafla na maji yanavuta. Wenyeji huoga alfajiri, saa kumi na moja hivi. Fuateni saa zao, mchana jua halina huruma.

Dong Hoi wengi huenda kwa ajili ya mapango ya Phong Nha. Kama mapango si shida yenu, iacheni.

Aprili mko salama. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya vimbunga na mafuriko; Kalmaegi ilipiga upande huo Novemba 2025.

nahodha_msaidizi
@Dada_Mkunguni kwa kuogelea nakubali, lakini kwa utulivu Tuy Hoa inashinda. Tena ni kilomita kama 100 tu kutoka Diêu Trì, chini ya saa mbili kwa treni ya haraka. Siku nne Quy Nhon, mbili Tuy Hoa.

Kutoka Tuy Hoa nendeni Ghềnh Đá Đĩa, nguzo za mawe ya volkano kandokando ya maji. Kodini teksi ya kwenda na kurudi, bei ya kusubiri ikubaliwe kabla ya kuondoka, maana kule kupata gari la kurudi ni bahati. Na Bãi Xép ziko mbili, moja kusini ya Quy Nhon, nyingine kaskazini ya Tuy Hoa. Mwonyesheni dereva ramani, msimtajie jina tu.

Sambusa_Moto
Nguruwe ni "heo", Dong Hoi mtakuta pia "lợn". Nyama inayoonekana ni rahisi kuikwepa. Kazi iko kwenye mafuta na mchuzi. Bún chả cá ya Quy Nhon ni tambi na samaki, lakini baadhi ya wapishi huchemsha mifupa ya nguruwe kwenye supu hiyohiyo, kwa hiyo ulizeni. Bánh hỏi (tambi nyembamba za mchele) ikiletwa na cháo lòng, huo ni uji wa utumbo wa nguruwe. Penye bango la "chay" hapapikwi nyama kabisa. Tuy Hoa wana jodari, hata macho yake hupikwa kwenye vyungu vidogo. Si kwa kila mtu!

mzee_wa_reli
Nyongeza: viza ya mtandaoni ni dola 25 kwa kuingia mara moja, hadi siku 90. Tumieni tovuti inayoishia gov.vn, na jazeni majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti. Ukikosea unaomba upya, na ada hairudi. Noti ya dong (pesa ya Vietnam) 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Hesabuni sifuri kabla ya kulipa teksi.